Nimeacha pombe, mbona nguvu zimeniishia? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi ujenzi, Moshi. Nilikunywa miaka kumi na minne: mwanzoni mbege ya kilabuni kwa jirani, baadaye gongo na viroba, na viroba vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 nikahamia chupa ndogo za pombe kali. Huu ni mwaka wa saba sijagusa. Kila Jumamosi jioni tunakaa watu wachache, tulioacha na wanaojaribu kuacha, na katikati ya wiki simu yangu haitulii.

Nilidhani watu wangeniuliza zaidi namna ya kuishinda kiu. Wanaponipigia, wengi wanauliza kuhusu uchovu. Nimeona watu wazuri wakirudi kwenye chupa kwa kuchoka tu, wakiamini kwamba uchovu ule ndio maisha yao mapya na hautaondoka. Unaondoka. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya. Mimi si daktari. Ya kitabibu nimeyapata kwa wauguzi na madaktari walionihudumia mimi na wenzangu, mengine nimeyapitia mwenyewe.

Nilipokuwa nakunywa nilifanya kazi kama trekta. Sasa nimekuwa goigoi. Je, pombe ndiyo ilikuwa nguvu yangu?

Hapana, ndugu yangu, ingawa naelewa kwa nini unaona hivyo. Fikiria mikopo ya kausha damu. Asubuhi unashikishwa laki moja, unatembea kifua mbele sokoni, na jioni mkusanyaji yuko mlangoni. Siku utakayoacha kukopa huamki tajiri. Unaamka na deni, na sasa huna mkopo mpya wa kulifunika. Wiki za kwanza bila pombe ni wiki za kulipa.

Mwilini mambo yanakwenda hivi. Ubongo una kemikali inayopoza, iitwayo GABA, na nyingine inayoamsha, glutameti. Pombe inaipa nguvu ile ya kupoza na kuikandamiza ile ya kuamsha. Ukinywa kila siku, ubongo unajitetea usizimike: unalegeza breki na kukanyaga mafuta. Pombe ikiondoka, mafuta yamekanyagwa na breki hakuna. Ndipo mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio na jasho linakutoka ukiwa umelala. Mwili unaokimbia hivyo usiku na mchana utachoka hata kama hujanyanyua tofali moja.

Kuna na dopamini, inayomfanya mtu aone kitu kina maana, aamke akitamani kwenda kukifanya. Pombe ilikuwa inaimwaga kwa wingi, ubongo ukazoea, ukapunguza milango ya kuipokea. Sasa chai, mpira, hata kicheko cha mtoto havikuamshi kama zamani. Milango hiyo inafunguka tena taratibu, kwa wiki na miezi.

Na ile nguvu ya asubuhi? Wengi wetu tulikuwa tunazimua. Unaamka unatetemeka, unapiga toti moja, mikono inatulia, unashika mwiko. Tukaiita nguvu. Ilikuwa ni kutuliza ugonjwa ulioachwa na chupa ya jana.

Nina siku mbili tu tangu niache. Nitajuaje kama huu ni uchovu wa kawaida au ni hatari?

Ningependa usome jibu hili kabla ya mengine yote. Arosto ya pombe, yaani ugonjwa unaompata mnywaji anapoacha, inaweza kuua, jambo ambalo wengi hawalijui.

Dalili huanza kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, wasiwasi, kukosa usingizi. Kwa wengi hupanda mpaka siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka kufikia siku ya tano hadi ya saba. Wapo wanaoanguka na kukakamaa kama wenye kifafa, mara nyingi ndani ya saa 48 za mwanzo. Na kati ya siku ya pili na ya nne wapo wanaoweweseka: wanaona wadudu ukutani, wanaongea na watu wasiokuwepo, wana homa, hawajui wako wapi. Nyumbani utasikia amerogwa, ana mashetani, apelekwe kwa mganga. Apelekwe hospitali, usiku uleule. Maombi yatamfuata wodini.

Kama ulikuwa unakunywa kila siku, kama ilikubidi uzimue ndipo mikono itulie, au kama umewahi kuanguka ulipojaribu kuacha, usijifungie chumbani kuacha peke yako. Hospitali wana dawa za kutuliza ubongo, kama diazepam, zinazotolewa kwa kipimo na kupunguzwa siku hadi siku. Usizinunue mwenyewe duka la dawa. Zikikutana na pombe zinazima pumzi, na zenyewe zinazoeleka kama pombe ilivyozoeleka.

Waambie wazi kwamba ulikuwa mnywaji. Usione aibu. Wanywaji wengi tumeishiwa vitamini B1, na anayehitaji dripu ya sukari hutakiwa apewe na vitamini hiyo, isichelewe. Ikikosekana sana, mtu anachanganyikiwa, anaona vitu viwiviwili, anayumba akitembea. Hapo ndipo palipo na mtego mbaya: mtu ana siku tano hajaonja, anapepesuka njiani, na majirani wanacheka, "Si alisema ameacha?" Tumewahi kumbeba mwenzetu mmoja kwenye bajaji huku ndugu zake wakimtukana kwamba kalewa. Hakuwa amelewa. Kila saa ilikuwa na thamani, maana hali ile ikiachwa, kumbukumbu inaweza isirudi.

Wiki ya kwanza usiendeshe bodaboda, usipande ngazi wala jukwaa la ujenzi. Kuanguka kule kama kwa kifafa hakupigi hodi.

Wiki ya pili nilijisikia kijana wa miaka ishirini. Wiki ya nne nimeporomoka. Nimekosea wapi?

Hujakosea popote. Wiki ya pili arosto imepita, tumbo limetulia, macho yameng'aa, kila mtu anakusifu. Unajiona umeshinda. Mimi siku ya kumi na mbili nilifua shuka zote za nyumbani, nikapaka rangi jiko la mama, nikawapigia wadai wangu watatu kuwaahidi pesa. Mke wangu alikaa mlangoni akinitazama, hajui acheke au aogope.

Siku ya ishirini na tatu nilikuwa napiga lipu nyumba ya mtu. Saa nne asubuhi nikaketi juu ya mfuko wa saruji kufunga kamba ya kiatu. Sikuinuka. Kamba ilikuwa mkononi, naiona, vidole havitaki. Mchanganyiko ulikuwa unaanza kukauka kwenye karai, na saidia fundi wangu, kijana mdogo, akachukua mwiko kimya kimya akaendelea na ukuta vibaya vibaya ili tu usipotee. Nilijua kilabu kiko mita mia mbili kutoka pale na kwamba toti moja ingenisimamisha. Kilichonizuia ni muuguzi aliyekuwa ameniambia mapema: "Itakuja siku utajiona umekwisha. Ikija, ujue nilikwambia." Nami nakwambia wewe sasa.

Nguvu zinarudi kwa mawimbi. Unapata siku nne nzuri, mbili mbovu, wiki nzuri, kisha siku tatu hutaki hata kuoga. Usimpime mtu wala wewe mwenyewe kwa siku moja. Linganisha mwezi na mwezi.

Basi uchovu huu utaisha lini?

Inategemea ulikunywa nini, kiasi gani, miaka mingapi, na una ugonjwa gani mwingine. Ila kwa wengi niliokaa nao iko hivi. Wiki ya kwanza ni ya kusalimika tu. Wiki ya pili hadi ya sita ni ya kupanda na kushuka kwa ghafla, na ndiyo inayovunja watu moyo zaidi. Mwezi wa pili na wa tatu siku nzuri zinaanza kuzidi mbaya. Usingizi wa kweli kwa baadhi yetu hukaa sawa baada ya miezi sita au zaidi.

Ndani ya mwili kazi inaendelea hata usipoihisi. Mafuta yaliyojaa kwenye ini huanza kupungua, kwa wengi ndani ya wiki mbili hadi sita, kama ini halijafika kwenye kovu. Presha iliyopandishwa na pombe hushuka ndani ya wiki chache. Chembe nyekundu za damu, ambazo pombe huziharibu zikiwa zinatengenezwa, huishi siku 120 hivi, kwa hiyo damu yote mpya inahitaji miezi minne. Mimi hili ndilo lililonipa subira kuliko jingine lolote. Nilijiambia: bado natembea na damu ya mlevi, ngoja iishe.

Nalala kwa saa nane nzima lakini naamka nimechoka. Na hizi ndoto ni za nini?

Pombe inaleta usingizi haraka, halafu inauharibu katikati. Inakubania ile sehemu ya usingizi yenye ndoto na kukuamsha saa tisa usiku koo limekauka. Ukiacha, ndoto zote ulizonyimwa zinarudi kwa fujo. Utaota unakunywa. Utaamka na ladha mdomoni. Mimi niliwahi kuamka nikanusa viganja vyangu mara mbili, tatu, kisha nikamwamsha mke wangu anuse yeye. Hakukuwa na kitu. Ndoto ya namna hiyo si dhambi wala si ubashiri kwamba utarudi.

Linalosaidia ni la kawaida mno hata watu wanalidharau: kuamka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbovu. Toka nje upate jua la asubuhi. Usilale mchana zaidi ya nusu saa, na isiwe baada ya saa tisa alasiri. Simu iache mbali na kitanda. Ukikaa macho kitandani muda mrefu, inuka, kaa kwenye kiti gizani, rudi usingizi ukija. Na kama mwenzako anasema unakoroma, kisha unanyamaza kama umekata pumzi, kisha unashtuka, mweleze daktari. Huo ni ugonjwa wa peke yake na unamchosha hata asiyewahi kunywa.

Mbona natamani sukari kama mtoto?

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe tupu, na kila gramu ina kalori 7. Chupa tano ni kalori 700 za pombe peke yake. Hiyo ni kama theluthi ya chakula cha siku nzima cha mtu asiyefanya kazi nzito. Mwili ulikuwa unachoma pombe badala ya chakula, na ghafla umeuondolea kuni. Tena pombe inalizuia ini kutengeneza sukari wakati hujala, kwa hiyo tulizoea kupanda na kushuka kwa sukari bila kujua. Ndipo mtu mzima unajikuta unalamba asali usiku.

Wiki za kwanza usijigombeze kwa pipi. Pipi ni afadhali kuliko toti. Ila soda ikishika nafasi ya bia umejitafutia uchovu mwingine: soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane au zaidi, inakupandisha nusu saa na kukuangusha. Mwenye kisukari au anayehisi kiu na kukojoa sana akapime.

Dawa ya kweli ni kula mapema na kula mara nyingi. Wengi wetu tulikuwa hatujui kifungua kinywa ni kitu gani. Anza na uji wa ulezi au wa dona wenye karanga za kusaga, au mayai mawili na kiazi kitamu. Mchana maharage, mchicha, dagaa. Parachichi hapa kwetu linaoza chini ya mti, na lina mafuta mazuri na potasiamu. Dona, maharage na karanga zinarudisha vitamini B, mboga za majani zinarudisha magnesi, na foleti ambayo ni vitamini ya kutengeneza damu. Vyote hivyo hupungua kwa mnywaji. Tumbo likikataa sahani kubwa, kula bakuli dogo kila baada ya saa tatu. Na maji. Wengi wanaoniambia wameishiwa nguvu saa kumi jioni, nikiwauliza wamekunywa maji mara ngapi tangu asubuhi, wananyamaza.

Kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi: vinasaidia?

Kahawa kikombe kimoja au viwili asubuhi, sioni ubaya, nami nimezaliwa kwenye mibuni. Lakini kafeini inakaa. Saa tano hivi baada ya kunywa, nusu yake bado imo mwilini. Kahawa ya saa kumi jioni itakukuta kitandani, kesho utachoka zaidi, utaongeza kikombe. Vile vya kopo vya kuongeza nguvu vinabeba kafeini na sukari pamoja, na kwa moyo ambao tayari unakwenda mbio wiki za mwanzo, viache.

Mirungi sina maneno mawili. Inakunyima usingizi, inakunyima chakula, ikikuisha unakuwa na huzuni nzito, na wengi hutafuta pombe kuishusha. Nimewapoteza wawili kwa njia hiyo. Waliacha chupa, wakashika majani, majani yakawarudisha kwenye chupa.

Nifanye mazoezi na sina nguvu hata ya kufua?

Tembea. Dakika kumi, kwenda na kurudi, asubuhi kukiwa na jua. Baada ya wiki, kumi na tano. Usianze na kukimbia mlima kumwonyesha mtu. Mwili ambao haujatumika hulegea, na kulegea kunazidisha uchovu, lakini ukijipasua siku moja utalala siku tatu. Mimi nilianza kwa kwenda kukata majani ya ng'ombe wa mama, mzigo mdogo, nikipumzika kwenye jiwe lilelile kila siku. Wiki ya sita nililipita lile jiwe bila kukaa, nikagundua nimefika nyumbani.

Kazini wananiita mvivu, nyumbani mwenzangu anasema afadhali nilipokuwa nakunywa. Nifanyeje?

Neno hilo linauma kuliko arosto. Nalijua.

Mwambie mwenzako kabla hujachoka, si ukiwa umelala umegeukia ukuta. Mwambie: "Mama watoto, daktari amesema miezi mitatu hii nitakuwa napanda na kushuka. Siku mbovu nitakwambia asubuhi." Mwahidi kazi moja ambayo wewe hutaikosa hata siku mbovu, ndogo kabisa: kuwapeleka watoto shule, kuchota maji. Kwangu ilikuwa kufunga kuku usiku. Miaka yote mke wangu hakuwa na uhakika nitarudi. Sasa kila jioni alisikia banda likifungwa. Imani yake ilirudi kwa sauti ya kile kitasa kabla haijarudi kwa maneno yangu.

Kazini sema kiasi unachoona salama. Si kila bosi anastahili kujua. "Natibiwa, nitakuwa sawa" inatosha.

Nawe unayeishi na mtu anayeacha: una haki ya kuchoka, umebeba mengi. Lakini usimwambie afadhali zamani. Hilo ndilo neno analolitafuta ndani yake ili apate ruhusa.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Mnaposema "pumzika", nipumzike saa ngapi?

Umesema kweli, dada yangu, na mikutano yetu imejaa wanaume wanaopikiwa. Omba msaada wa kitu mahususi kwa mtu mahususi: dada akae na mtoto mdogo Jumanne na Alhamisi, jirani akuchotee ndoo mbili. Na upime wingi wa damu. Hedhi na uzazi vinapunguza madini ya chuma, pombe inaharibu foleti, na upungufu wa damu hautaondoka kwa subira. Kama unanyonyesha au una mimba, mwambie mkunga ukweli ili apange nawe namna salama ya kuacha.

Nitajuaje kama ni uchovu wa kuacha au ni sonona?

Zinafanana sana mwezi wa kwanza, hata daktari husubiri kidogo. Huzuni nyingi ililetwa na pombe yenyewe na hupungua wiki mbili hadi nne baada ya kuacha. Kama mwezi umepita na bado kila siku huoni raha ya chochote, unajiona huna thamani, huli au unakula bila kukoma, nenda. Sonona inatibika, na kuitibu kunakulinda usirudi kwenye pombe.

Kama mawazo ya kujiua yamekuja, usisubiri mwezi. Mwambie mtu usiku huu, asikuache peke yako, na mwende hospitali. Tanzania hospitali za wilaya zinaweza kuanza nawe, na kuna hospitali ya afya ya akili ya Mirembe kule Dodoma na kitengo cha afya ya akili Muhimbili. Kenya kuna hospitali ya afya ya akili ya Mathari, Nairobi, na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192.

Je, inaweza kuwa ugonjwa mwingine kabisa?

Inaweza, na tusisingizie kila kitu kuacha pombe. Unywaji mwingi unaongeza hatari ya kifua kikuu, na kifua kikuu kinaleta jasho la usiku, kupungua uzito na uchovu, vitu vilevile ambavyo mtu aliyeacha anavitarajia. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku linaloendelea baada ya wiki ya kwanza, nguo zinazozidi kupwaya: kapime makohozi. Vipimo na dawa zake hospitali za umma ni bure, Tanzania na Kenya. Pima na malaria, sukari, VVU, wingi wa damu na ini. Macho ya njano, tumbo kujaa, kutapika damu au choo cheusi kama lami, hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Na nguvu za kiume?

Huulizwa mwishoni, mlangoni, mtu akiwa ameshavaa kofia. Wengi wanazipata tena. Pombe nyingi hushusha homoni ya kiume, huharibu mishipa ya fahamu na kuvuruga usingizi, na vyote hivyo hutengemaa kwa wiki na miezi, kama madhara hayajawa makubwa. Miezi ya mwanzo hamu yenyewe inaweza kupotea, maana dopamini ni ileile. Zungumza na mwenzako. Usinunue vidonge wala unga wa barabarani. Hujui kilichomo, na mwenye presha au ugonjwa wa moyo anaweza kufa. Ikipita miezi mitatu bila badiliko, mwone daktari. Wakati mwingine ni kisukari au presha inayojitangaza.

Mwezi wa Ramadhani umeingia, nimeacha wiki hii. Nifunge?

Ukiwa bado kwenye arosto, mwili unahitaji maji na chakula kila baada ya muda mfupi. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Muulize daktari wako, kisha shekhe wako, kwa utaratibu huo. Kwa wanaofunga Kwaresima bila kula kutwa nasema vivyo hivyo. Ukishatengemaa, wengi wamenieleza kwamba mwezi ule uliwasaidia sana, kwa jamaa, kwa ratiba, kwa futari ya pamoja. Daku usiiache.

Nikionja kidogo tu, siku ile mbovu kabisa, nipate nguvu ya kumaliza kazi?

Itakusimamisha siku hiyo. Ndiyo maana ni hatari. Ubongo uliokuwa umeanza kurudisha breki unaweza kurudi nyuma, na wengi wetu "kidogo tu" ilituchukua miezi kutoka. Kama umeshaonja, usijifiche. Piga simu leo. Siku zako zote za nyuma mwili umezitumia, hazikupotea. Na kama umekunywa siku kadhaa mfululizo, rudia tahadhari za swali la pili, usiache ghafla peke yako.

Ni saa gani ngumu zaidi?

Kwangu saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Kazi imeisha, sukari imeshuka, mkononi kuna hela ya siku, miguu inajua njia. Uchovu wa saa hiyo unafanana na kiu, mpaka leo nauchunguza. Nilikuwa nabeba ndizi mbivu mbili na karanga kwenye mfuko wa suruali, nazila kabla sijatoka eneo la kazi, halafu napita njia ya juu, ndefu kwa dakika ishirini, isiyo na kilabu. Hela nilimpa saidia fundi amkabidhi mke wangu. Nikifika, nanawa, nakula tena. Mara nyingi ikifika saa moja "kiu" imekwisha, kumbe ilikuwa njaa.

Mnasema tuandike daftari. Niandike nini?

Mstari mmoja kwa siku: ulilalaje, ulikula nini, nguvu ngapi kwa kumi. Usiandike hotuba. Lile langu la shilingi mia tano bado ninalo, lina alama za saruji. Nakunukulia baadhi ya mistari:

Siku ya 4. Nimelala kidogo sana. Uji nusu kikombe. Nguvu 1.

Siku ya 12. Nimefua shuka, nimepaka rangi. Nguvu 9.

Siku ya 23. Mfuko wa saruji. Nguvu 1.

Siku ya 41. Nimelala mpaka jogoo. Maharage na parachichi. Nguvu 5.

Siku ya 58. Mvua, hakuna kazi. Hasira bila sababu. Nimefunga kuku. Nguvu 3.

Siku ya 97. Nimepandisha mifuko sita kabla ya chai. Jana nilisahau kuandika.